Wabunifu majengo wa Dodoma wanahitaji katibu kuliko mwenyekiti

Uchaguzi wa chama cha taaluma ukikaribia, picha za wagombea huanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: suti, tai, na jina la nafasi kwa herufi kubwa. Nafasi ya juu hupata wagombea watatu au wanne. Ya mweka hazina hupata mmoja, tena wa kuombwa. Kamati ya sheria hujazwa ukumbini siku hiyo hiyo, watu wakitazamana, na mara nyingi anayeangukiwa ni yule aliyekuwa ametoka nje kupokea simu. Wahandisi, wakadiriaji majenzi na mawakili wote wanaujua mchezo huu. Kwa wabunifu majengo wa Dodoma, hata hivyo, hasara yake ni kubwa kuliko kwa wenzao wa Mwanza au Arusha, na sababu ni mahali walipo.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, na mpango kabambe wa kwanza wa mji ukatolewa 1976, kazi ya kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto. Lakini kwa miaka zaidi ya 40 wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam, na vyama vya taaluma vikakulia huko huko, karibu na wateja, wakubwa na Chuo Kikuu Ardhi. Tangu 2016 mambo yamegeuka. Wizara zimejengewa Mtumba, mji wa serikali pembezoni mwa Dodoma, Bunge liko mjini, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikaenda kwa halmashauri ambayo mwaka uliofuata ilipandishwa kuwa jiji. Leo karibu kila ofisi ambayo mbunifu majengo ana neno la kuiambia kuhusu sheria, vibali au majengo ya umma inafikika kwa bajaji au daladala. Wanachama wengi na ofisi kubwa za ubunifu bado ziko Dar.

Hapo ndipo mtu wa Dodoma anapokuwa na kitu ambacho chama hakiwezi kukinunua. Barua ikitoka Jumatatu anaweza kuifuata Jumatatu. Kikao kikisogezwa kutoka saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, hapotezi chumba cha hoteli. Faida hiyo haitumiki na mwenyekiti anayekata utepe. Inatumika na mtu anayepokea barua, anayesoma muswada hadi kwenye majedwali ya mwisho, anayefika na kuandika kilichosemwa.

Tuanze na Bunge, kwa kuwa ndiko vyama vingi vya taaluma vinakopoteza mchezo vikiwa bado vinajifunga viatu. Muswada husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati ya kudumu, na kamati huita wadau watoe maoni kabla haujarudi kusomwa mara ya pili. Ukiletwa kwa hati ya dharura, ratiba hiyo hubanwa zaidi. Mwaliko wa wadau hauji na mwezi mzima wa kujiandaa. Mara nyingi ni siku chache. Kinachofuata kinajulikana: barua inapigwa picha, inatupwa kwenye grupu, watu 40 wanaandika "tupinge kabisa", wawili wanauliza muswada wenyewe uko wapi, na usiku wa kuamkia kikao mtu mmoja aliyechoka anakusanya malalamiko kuwa kurasa tano. Mbele ya kamati mwakilishi anasoma historia ya taaluma hadi dakika zake zinakwisha.

Makatibu wa kamati na wanasheria wanaoandaa marekebisho hawahitaji historia. Wanahitaji jedwali lenye safu nne: kifungu, tatizo lake, maneno yanayopendekezwa, na sababu. Tuseme kifungu kinataka michoro isainiwe na "mtaalamu aliyesajiliwa". Safu ya pili inasema kifungu hakitaji usajili wa bodi ipi. Ya tatu inaandika maneno mapya kamili, yenye koma na nukta zake, ili mwandishi wa sheria ayanakili bila kubuni. Ya nne inaeleza kwa sentensi mbili kwamba bila marekebisho hayo mtu mwenye usajili wa fani nyingine anaweza kusaini michoro ya jengo la ghorofa sita. Jedwali la kurasa mbili lenye hoja sita za namna hiyo lina nafasi kubwa ya kuingia kwenye taarifa ya kamati kuliko hotuba yoyote.

Na liandikwe kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, na miswada inajadiliwa hivyo. Wabunifu wengi wamesomea taaluma yao kwa Kiingereza, kwa hiyo hoja nzuri huharibika inapofika kwenye kuiandika upya kifungu kwa kifungu. Kazi hii inamtaka mtu mwenye mkono mzuri wa Kiswahili cha kisheria, au wakili rafiki wa chama atakayeipitia kwa saa mbili. Kumtafuta wakili huyo siku barua imeshafika ni kuchelewa.

Watu watatu wanatosha. Mmoja anafuatilia tovuti ya Bunge na Gazeti la Serikali kila wiki, kwa sababu muswada huonekana huko kabla ya mwaliko kuandikwa. Wa pili anaandika jedwali. Wa tatu anakusanya maoni ya wanachama kwa fomu fupi inayofungwa baada ya saa 24, iwe yametosha au hayakutosha. Mwaliko ukifika na siku tatu mkononi, siku ya kwanza ni ya kusoma na kugawana vifungu, ya pili ni ya kuandika, na ya tatu asubuhi ni ya kupata idhini ya uongozi wa taifa kwa maandishi. Idhini hiyo ndiyo husahaulika. Maoni yakitolewa Dodoma bila baraka za makao makuu ya chama, halafu makao makuu yapeleke yao tofauti, kamati ina haki ya kuyaweka yote pembeni.

Nje ya miswada kuna kazi ya polepole ambayo haina tarehe ya mwisho, na ndiyo sababu haifanywi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, vimebadilisha namna kazi za serikali zinavyotafutwa. Mbunifu yeyote anayeomba kazi za umma anajua tofauti kati ya kushindanishwa kwa ubora na gharama pamoja, na kushindanishwa kwa bei ya chini tu. Chama kinachotaka bei ya chini isitumike kwenye usanifu wa hospitali kinapaswa kuwa na andiko la kurasa tatu: majengo ya aina gani, kwa nini, na mteja anapoteza nini pale ambapo ada ndogo ilizaa michoro isiyokamilika, kisha mabadiliko ya kazi eneo la ujenzi, kisha madai ya mkandarasi. Andiko likae tayari. Mkurugenzi wa wizara akisema "leteni maoni yenu wiki hii", linatolewa siku hiyo hiyo.

Sasa saa. Watu hujitolea bila kuhesabu, ndiyo maana wanapotea mwezi wa nne. Katibu wa tawi lenye kikao kimoja kwa mwezi anahitaji kama saa 2 za kuandaa ajenda na kuwatafuta watu, saa 2 za kikao, saa 3 za kuandika muhtasari, na saa moja na nusu kila wiki ya barua na ufuatiliaji. Jumla inakaribia saa 13 kwa mwezi, bila kuhesabu semina. Kwa mwenye ofisi ya watu wawili hizo ni karibu siku mbili za kazi ambazo hazitamlipa mtu. Asiyeweza kuzitoa aseme mapema aombe kazi ndogo, hakuna aibu. Aibu ni kukaa na muhuri wa chama kwenye droo kwa miezi mitano.

Muhtasari wenyewe una ufundi wake. Hauhitaji kueleza nani alimjibu nani. Uandike akidi, uamuzi, jina la mtekelezaji na tarehe, na utoke ndani ya saa 72, wakati waliohudhuria bado wanakumbuka walichokubali. Kipengele cha yatokanayo na kikao kilichopita kikianza kujirudia mara tatu na jina lile lile, mwenyekiti anajua pa kushika. Uamuzi uliopita kwa vidole gumba kwenye WhatsApp si uamuzi hadi katiba ya chama iseme hivyo, na katiba nyingi zimeandikwa kabla ya WhatsApp. Anayetaka kugombea asome kwanza vifungu vya akidi, muda wa uongozi, watia saini wa benki, na namna kiongozi anavyoondolewa.

Watia saini wa benki ndio ugonjwa mkubwa kuliko yote. Uongozi mpya unachaguliwa Novemba, ukienda benki Januari unakuta akaunti bado iko kwa majina ya watu watatu wa zamani, mmoja yuko masomoni nje na mwingine hapokei simu. Benki inataka dondoo ya muhtasari wa uchaguzi iliyosainiwa, barua ya chama, vitambulisho vya NIDA na picha za watia saini wapya, na mara nyingine saini za wanaotoka. Karatasi hizo zote ziandaliwe kabla ya siku ya uchaguzi, nafasi za majina zikiwa wazi, zijazwe na kusainiwa ukumbini kabla watu hawajaenda kula. Katika matawi ambayo hayana akaunti yake, swali linakuwa jingine: makao makuu yanarudisha sehemu gani ya ada, na kwa utaratibu upi. Lisipojibiwa kwa maandishi, tawi litaendeshwa kwa mfuko wa mwenyekiti, na mwenyekiti anayelipia kila kitu huanza kuamua kila kitu.

Mapato makubwa ya tawi ni semina, kwa kuwa mafunzo endelevu ya kitaaluma ni jambo ambalo wanachama watalilipia. Hesabu yake ni rahisi, na bado hukosewa. Tuchukue mfano: ukumbi, projekta, nauli na malazi ya mtoa mada ni shilingi 900,000, iwe wamekuja 10 au 60. Chakula, chai, karatasi na cheti ni shilingi 25,000 kwa kichwa. Kiingilio kikiwa 60,000, kila mshiriki anaacha 35,000, na 900,000 zinarudi akifika mshiriki wa 26. Chini ya hapo chama kinalipia chai ya watu. Waandaaji hukosea kwa kuhesabu waliosema "nitakuja" badala ya waliolipa, na kwa kugawa nafasi za bure kwa wageni waalikwa 12. Malipo yafungwe siku nne kabla, na mpishi apewe idadi ya waliolipa ukiongeza wawili au watatu. Pesa iingie kwenye akaunti au lipa namba ya chama. Ikipita kwenye simu binafsi ya mweka hazina, hata akiwa malaika, siku ya ukaguzi atahesabiwa kama mtu.

Mada za Dodoma haziishi, na si lazima zitoke Dar. Hapa ni nyanda kame: mvua zinakaa kati ya Desemba na Aprili, miezi iliyobaki ni jua kali, upepo na vumbi. Bado tunaona kuta za vioo zikielekezwa magharibi, halafu mapazia yanafungwa mwaka mzima na viyoyozi vinanguruma. Kuna udongo unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ambao hupasua misingi ya nyumba zilizojengwa bila kuchimba mashimo ya majaribio. Kuna tembe la Wagogo, kuta nene na paa bapa la udongo, ambalo lina mengi ya kufundisha kuhusu joto la mchana na baridi ya usiku wa Julai. Semina tatu kwa mwaka zimeshapatikana, na watoa mada wanaishi hapa hapa.

Kiongozi mpya mwenye hamasa hutaka pia kupambana na vishoka, wanaofanya kazi hii bila usajili. Hapa ni lazima atenganishe chama na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 4 ya 2010. Bodi ndiyo inayosajili, inayokagua maeneo ya ujenzi na yenye meno ya kisheria. Chama ni cha wanachama wake. Hakina mamlaka ya kusimamisha ujenzi wa mtu Nkuhungu wala Nzuguni. Wanachama wawili wakienda kwenye eneo la ujenzi na makoti ya chama na kuanza kudai michoro, wamejitafutia kesi. Wanachoweza kufanya ni kuandika: kiwanja kilipo, picha ya bango la mradi au ya kukosekana kwake, tarehe, kisha kupeleka Bodi na nakala kwa jiji, na kufuatilia jibu baada ya wiki mbili. Ni kazi ya kuchosha, isiyo na kamera. Tena ni ya katibu.

Jambo la Dodoma peke yake, au karibu peke yake, ni wingi wa wabunifu ambao ni watumishi wa umma: wizarani, Wakala wa Majengo, halmashauri ya jiji. Wana ujuzi, wana saa za kazi zinazoeleweka, na wanajua faili linapita meza zipi. Lakini siku chama kinapotaka kulalamikia utaratibu wa wizara fulani, katibu ambaye ni mwajiriwa wa wizara hiyo ananyamaza, na ana haki ya kunyamaza. Kuwazuia watumishi wasigombee ni upumbavu, maana tawi litabaki na watu wachache. Dawa yake ni kugawa kazi kwa akili. Mtumishi wa umma apate kibali cha mwajiri kwa maandishi, kisha achukue mafunzo, hazina, malezi ya wahitimu wapya au kumbukumbu. Usemaji na kamati ya sheria viende kwa wa sekta binafsi.

Nao wa sekta binafsi wasijione safi. Mwenye kampuni akiwa kiongozi wa chama, huingia ofisi ambazo washindani wake wanasubiri nje. Ahadi za TANU zilisema cheo ni dhamana, kwenye muhtasari hilo huandikwa kwa lugha kavu zaidi: "Mjumbe alitangaza maslahi kuhusu ajenda namba 4, akatoka saa 11:20 jioni, akarudi saa 11:45." Barua yenye nembo ya chama isiambatanishwe kwenye maombi ya kazi ya kampuni, na mazungumzo ya kutafuta kazi yasifanyike kwenye kikao ambacho mtu ameingia kwa jina la wenzake. Tungependekeza wawakilishi waende wawili wawili kila mara. Mazungumzo yenye shahidi hubaki kwenye ajenda.

Usemaji unahitaji mtu aliyejiandaa kabla ya msiba. Ghorofa ilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, kama ilivyokuwa kwa ile ya katikati ya Dar es Salaam Machi 2013, wanahabari walianza kutafuta wataalamu wakati watu bado wamefukiwa. Katika saa 24 za kwanza chama kina mambo manne tu ya kusema: pole kwa waliofikwa, utayari wa kutoa wataalamu kwa waokoaji na wachunguzi, sheria inataka nani ahusike kwenye jengo la aina ile, na mwananchi aangalie nini kwenye bango la mradi ulio jirani naye. Chanzo cha kuporomoka hakimo. Msemaji anayetaja nguzo dhaifu kwa kutazama video ya simu anaweza kuwa amemhukumu mwanachama wake, au amemsafisha mwenye kosa. Aya hizo nne ziwe zimeandikwa, zimepitishwa, na zina nafasi wazi ya tarehe na mahali.

Kwa asiyewahi kuongoza, njia nzuri ni kuomba kazi yenye mwanzo na mwisho badala ya kiti. Siku ya Usanifu Majengo Duniani huangukia Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, siku ile ile ya Makazi Duniani, kwa hiyo viongozi wa serikali wana ratiba nyingine na ukumbi hukamatwa mapema. Mtu akijitolea Juni kuiandaa, anapata miezi minne: Juni bajeti, Julai ukumbi na barua za mialiko, Agosti wadhamini, Septemba matangazo. Mwisho wa Oktoba anakabidhi hesabu, na kila mtu ameona kama anaweza kumaliza alichoanza. Hilo linamwambia mpiga kura mengi kuliko bango lenye tai. Nauli pia izungumzwe mapema. Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, imefanya kikao cha Dar kiwe safari ya kwenda na kurudi siku moja, lakini tiketi bado inalipwa na mtu, na vijana wengi wanaacha vikao vya taifa kwa sababu hiyo tu. Kanuni ya nusu ukurasa inatosha: daraja la kawaida, risiti ndani ya siku saba, mweka hazina analipa.

Makabidhiano hufanyika kwa karatasi moja yenye saini mbili, mbele ya mjumbe wa tatu. Kwenye karatasi hiyo yanaandikwa muhuri, rejesta ya wanachama yenye tarehe ya kuhuishwa mara ya mwisho, mihtasari yote, taarifa ya benki ya mwezi huo, nakala ya marejesho ya mwaka yaliyopelekwa kwa Msajili wa Jumuiya, barua ambazo hazijajibiwa, na nywila ya barua pepe ya chama. Barua pepe hiyo isiwe imefunguliwa kwa namba ya simu ya mtu; ikiwa imefunguliwa hivyo, namba ibadilishwe hapo hapo kabla hawajaachana. Nakala moja ya karatasi ibaki kwa katibu mpya na nyingine ipelekwe makao makuu ya chama ndani ya wiki hiyo.